Ukipanga nyumba, panga na madeni

Kilichokuwa kinatafutwa siku hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Shule aliyoombewa nafasi mtoto wa mwisho ilitaka nakala, na cheti hakionekani. Ni Jumamosi asubuhi, watu wote wako nyumbani. Mama akaanza na droo za kabati, baba akapanda juu ya stuli kushusha maboksi, mtoto mkubwa akatumwa kuingia chini ya kitanda.

Mtoto alitoka na viatu vitatu visivyo na wenzake, feni bovu, ndoo ya rangi iliyojaa waya za chaja na begi kubwa la shangazi kaja lililofungwa kwa kamba. Baba akalifungua akidhani ni mablanketi. Ndani zilikuwa doti 11 za vitenge vipya, bado viko kwenye nailoni zake.

"Vya nani hivi?" akauliza.

Mama hakujibu mara moja. Vitenge vile alivichukua kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, doti 20 kwa Sh20,000 kila moja, kwa makubaliano kwamba atalipa kadiri anavyouza. Vichache vilitoka, vingine vikakaa, na wateja wanne mpaka leo wanamzungusha. Amebakiza deni la Sh320,000. Mumewe hakuwahi kuambiwa.

Kabla baba hajapata la kusema, boksi aliloshusha likaangukia upande. Ikatoka bahasha ya kaki yenye mkataba wa kampuni ya mikopo ya mtaani, pamoja na nakala ya kadi ya pikipiki iliyowekwa dhamana. Deni lililobaki ni Sh450,000. Safari hii ni mama ambaye hakuwahi kuambiwa.

Nyumba hii ya vyumba viwili na sebule, Mbagala jijini Dar es Salaam, ni mfano tu. Baba ni fundi umeme wa mtaani, mama anauza vitafunwa, watoto ni watatu. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kuogopa simu ikiita mwisho wa mwezi, au kuogopa kufungua mlango wa stoo mbele ya wageni, ataitambua. Yaliyofuata kwa wazazi hawa yanaonyesha kwa nini kazi mbili zinazoonekana hazihusiani, kulipa madeni na kupunguza vitu nyumbani, hufanyika vizuri zaidi zikienda pamoja.

Mlundikano na deni vina mzizi mmoja

Ukiangalia kwa karibu, vitu vingi vilivyolala chini ya kitanda na madeni mengi yaliyolala kwenye daftari vilianza kwa neno moja: baadaye. Feni likiharibika, tutalitengeneza baadaye. Mangi akiandika mkate na mafuta kwenye daftari lake, tutalipa baadaye. Sare ya harusi ya shemeji ikishonwa kwa mkopo, fundi atapata chake baadaye. Sare ilivaliwa siku moja, leo iko juu ya kabati, na fundi bado anadai.

Mara nyingi kitu na deni lake vinakaa nyumba moja. Seti ya mahotpoti iliyoletwa mlangoni na mchuuzi wa "utalipa kidogo kidogo" bado iko kwenye boksi lake, ikisubiri wageni, wakati malipo yake yalikula hela ya mboga miezi mitatu.

Kuna hasara nyingine isiyohesabiwa, ya kununua mara mbili. Familia inanunua mkebe mpya wa hisabati kwa sababu ule wa mwaka jana hauonekani. Inanunua chaja ya nne wakati tatu zimo ndani ya ndoo ya rangi. Nyumba isiyojulikana kilichomo hugharimu kuliko nyumba inayojulikana.

Halafu kuna gharama ya moyo. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha utafiti uliofanyika Los Angeles, Marekani, wakiwashirikisha wanandoa 60 ambao wote wanafanya kazi. Kila mmoja alizunguka nyumbani kwake akieleza anachokiona. Wanawake walioeleza nyumba zao kama mahali pa vurugu ya vitu na kazi zisizokwisha walionyesha dalili za kubeba msongo wa mawazo kutwa nzima, na hata homoni ya msongo, kotisoli, haikushuka kwao jioni kama inavyotakiwa. Mama wa Mbagala hahitaji kipimo cha maabara kulijua hilo. Anajua anavyojisikia akiingia chumbani usiku na kuliona begi la shangazi kaja likichungulia chini ya kitanda.

Andikeni yote, hata yale ya aibu

Jumamosi ile ingeweza kuishia kwenye ugomvi, na kwa saa nzima ilikaribia. Kilichosaidia ni kwamba kila mmoja alikuwa ameshikwa na lake, hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Jioni, watoto walipolala, wakakaa mezani na daftari la hesabu la mtoto, kurasa mbili za mwisho zilizokuwa wazi.

Wakaandika deni moja kwa kila mstari:

– Duka la Mangi: Sh28,000

– Fundi nguo, sare za harusi: Sh25,000

– Mkopo wa simu: Sh60,000

– Jirani: Sh50,000

– Ada iliyobaki, shule binafsi ya mtoto wa kati: Sh180,000

– Vitenge vya mali kauli: Sh320,000

– Kampuni ya mikopo: Sh450,000

– Marejesho ya kikoba: Sh600,000

Jumla ni Sh1,713,000.

Baba alikuwa anajua madeni matatu: ada, mkopo wa simu na ule wa kampuni. Kichwani mwake nyumba ilikuwa inadaiwa Sh690,000. Mama alikuwa anajua sita, akidhani jumla ni Sh1,203,000. Hakuna aliyekuwa muongo kwa hesabu zake, ila hakuna aliyekuwa anaiona nyumba nzima. Miaka yote walikuwa wakipanga bajeti mbili za nyumba mbili tofauti chini ya bati moja.

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Familia nyingi huanza na kulipa kabla ya kuhesabu. Hulipa anayepiga kelele zaidi, kisha hukopa kwingine kumlipa wa pili. Orodha kamili haimpunguzii mtu hata shilingi, lakini inamwonyesha ukubwa wa kazi, na inamtoa mwenzi kwenye upelelezi na kumweka kwenye timu.

Katika kuandika, mambo manne yasikosekane kwa kila deni: nani anadai, kiasi kilichobaki leo, kiasi cha rejesho na siku yake, na kinachotokea ukichelewa. Hilo la nne ndilo linaloamua lipi litangulie.

Lipi lilipwe kwanza?

Zipo njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kuanza na deni lenye gharama kubwa zaidi, yaani riba au faini inayokua haraka. Kwa hesabu ya karatasi, hii ndiyo inayookoa fedha nyingi. Ya pili ni kuanza na deni dogo kuliko yote, ulifunge, kisha ile hela uliyokuwa unalilipia uihamishie kwenye linalofuata.

Mwaka 2012, David Gal na Blakeley McShane wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za watu waliokuwa wakijaribu kujinasua kwenye madeni. Walichokikuta ni kwamba watu waliofunga madeni mengi zaidi kwa idadi, hata kama yalikuwa madogo, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kumaliza yote. Kufuta mstari mmoja kabisa humpa mtu nguvu ya kuendelea, kuliko kupunguza kidogo kidogo kwenye mistari minane.

Kwa familia ya kawaida, busara ni kuchanganya njia hizo. Anza na madeni madogo, lakini ruhusu deni linalokua kila siku likae mbele ya foleni hata kama si dogo kuliko yote. Mikopo ya simu ya muda mfupi iko kwenye kundi hilo, kwa sababu ukichelewa gharama huongezeka, na hela yoyote utakayoingiziwa inaweza kukatwa kabla hujaiona.

Iko pia ile mikopo ambayo mtaani imepewa jina la "kausha damu", yenye marejesho ya kila siku au kila wiki na vitisho vya kubeba vyombo. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowagawa watoa huduma hizo katika madaraja manne na kuwataka wawe na leseni au usajili. Vikoba viko daraja la nne. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali chake. Kwa hiyo kabla ya kukopa, na hata ukiwa tayari unalipa, uliza leseni, soma mkataba wote, na dai nakala yako. Baba wa Mbagala alikuwa na nakala yake, tatizo ni kwamba aliificha juu ya kabati.

Na usimkimbie anayekudai. Mfanyabiashara wa Kariakoo alipopigiwa simu Jumatatu na kuelezwa ukweli, alikubali kurudishiwa doti nane ambazo zilikuwa hazijafunguliwa. Hapo hapo zikatoka Sh160,000 kwenye deni. Miezi yote ambayo mama alikuwa hapokei simu zake, suluhisho hilo lilikuwa limelala chini ya kitanda.

Makorokoro yanayolipa deni

Jumapili mchana wakageukia vitu. Kosa la wengi ni kumwaga nyumba nzima sebuleni kwa siku moja, kisha usiku unaingia hakuna pa kulala, na asubuhi kila kitu kinarudishwa kilikotoka kwa hasira. Wao walichukua sehemu moja tu, chumba cha wazazi: chini ya kitanda na juu ya kabati.

Kila kitu kiliwekwa kwenye moja ya mafungu matatu: kinachotumika, cha kuuza au kugawa, na cha kutupa. Swali lilikuwa jepesi: tumekitumia lini mara ya mwisho? Jibu likiwa "hata sikumbuki", kitu hakirudi kitandani. Kwa vitu vibovu lilikuwapo swali la pili: nani atakitengeneza, lini, kwa hela ipi? Feni bovu halikuwa na majibu.

Wiki hiyo vikauzwa vinne. Friji lililokufa miaka miwili iliyopita na kugeuzwa kabati la unga lilichukuliwa na fundi friji kwa Sh60,000. Baiskeli ndogo ambayo hakuna mtoto anayeienea tena ilitoka kwa Sh30,000. TV ya chogo ilipata Sh15,000. Sufuria zilizotoboka, mabomba na lile feni vilipimwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, zikapatikana Sh12,000. Jumla Sh117,000.

Hela hiyo haikuingia kwenye matumizi. Siku hiyo hiyo ilifunga mkopo wa simu, fundi nguo na Mangi, jumla Sh113,000. Madeni manane yakawa matano. Zikabaki Sh4,000, na hizo zikanunua karatasi ya manila na kalamu ya rangi, ambazo kazi yake itaelezwa.

Hapa lazima tahadhari itolewe. Kuuza vitu vya ndani si njia ya kuishi, ni msukumo wa kuanzia. Friji bovu huuzwa mara moja tu. Wala usiuze kinachoingiza hela: cherehani, jiko la biashara, vifaa vya ufundi. Na usitegemee bei uliyonunulia. Hela ya kitu hicho ilipotea siku kilipoacha kutumika, na leo unaokoa kidogo kilichobaki.

Si kila kitu ni cha kuuza. Nguo za mtoto mchanga zilipelekwa kwa jirani aliyejifungua, yule yule anayedai Sh50,000. Hazikulipa deni, lakini zilifungua mazungumzo yaliyokuwa yamekauka, na wakakubaliana kumlipa kidogo kidogo kila wiki.

Karatasi zitengwe na zipitiwe moja moja. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, risiti za ada, mikataba ya mikopo na hati za kiwanja viingie kwenye faili moja lenye mahali pake. Kila deni likiisha, pata maandishi au ujumbe unaothibitisha, uuweke humo. Cheti kilichotafutwa Jumamosi kilikuwa ndani ya albamu ya picha za harusi. Hakuna anayekumbuka aliyekiweka.

Vitu vyenye kumbukumbu

Kipo kitu ambacho siku ile hakikuingia fungu lolote: khanga za mama mzaa baba, marehemu, zilizofungwa kwenye mfuko. Mama alipozigusa, baba alitoka nje kwanza. Hakuna haja ya kulazimisha. Vitu vya namna hiyo viachwe mwisho kabisa, mkono ukiwa umeshazoea kuachia vile visivyouma. Wapo wanaochagua kimoja cha kutunza vizuri na kugawa vingine kwa ndugu, ili kumbukumbu ivaliwe badala ya kuliwa na panya.

Wazazi wasijipime pia na nyumba za kwenye simu. Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu kupanga nyumba kilimpa umaarufu duniani, mapema mwaka 2023 alisema wazi kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu amelegeza, na kwamba muda na watoto umekuwa muhimu kuliko nyumba isiyo na doa. Ikiwa yeye amesema hivyo, mzazi wa Mbagala asijilaumu akikanyaga kifuniko cha chupa sebuleni. Lengo ni nyumba ambayo mkitafuta cheti mnakipata, na mkifungua kabati hamkuti siri.

Karatasi iliyobandikwa ukutani

Baada ya vitenge kurudishwa na madeni matatu kufungwa, lilibaki deni la Sh1,440,000. Kwenye ile manila, baba akachora nyumba yenye visanduku 72, kila kisanduku Sh20,000. Pembeni yake mama akachora mistari kwa ajili ya vitu vilivyotoka, vikihesabiwa kwa idadi. Karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango wa chumba chao, mahali wanapoiona wakilala na wakiamka, lakini mgeni haioni.

Kuchora nyumba ya visanduku kunaweza kuonekana mchezo wa watoto, lakini una uzito. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Benjamin Harkin wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walikusanya matokeo ya tafiti 138 kuhusu watu wanaofuatilia maendeleo yao kuelekea lengo. Waligundua kwamba watu wanaohimizwa kufuatilia hatua zao hufikia malengo zaidi, na nguvu huongezeka pale maendeleo yanapoandikwa mahali au kuelezwa mbele ya wengine. Kukumbuka kichwani tu hakutoshi, maana kichwa hukumbuka nia na kusahau kiasi.

Sheria walizojiwekea ni tatu. Kwanza, kisanduku hupakwa rangi pale hela inapokuwa imeshalipwa, si inapoahidiwa. Pili, karatasi hujazwa siku moja kila wiki, Jumapili jioni, wote wawili wakiwepo, dakika kumi tu. Tatu, kila kinachoingia ndani kama si chakula, dawa au mahitaji ya shule, kimoja cha aina yake kinatoka.

Marejesho yalipangwa hivi: Sh30,000 kwa wiki kikoba, Sh25,000 kampuni ya mikopo, na Sh15,000 kwa madeni mengine, wakianza na jirani. Jumla Sh70,000, yaani visanduku vitatu na nusu kila wiki. Hela ya ziada, kama ile ya wateja wanne wa vitenge wanaodaiwa Sh100,000, ikija itapaka visanduku vya nyongeza. Isipokuja, mpango hauvunjiki.

Wiki ya sita ilipoisha, visanduku 21 vilikuwa vimepakwa rangi. Jirani alikuwa amemalizwa wiki ya nne. Upande wa vitu, idadi ilikuwa imefika 143, nyingi zikiwa ndogo ndogo: mifuniko isiyo na vyombo, daftari zilizokwisha, soksi za upande mmoja.

Watoto waambiwe nini?

Wazazi wengi huficha hali ya fedha wakidhani wanawalinda watoto. Watoto huona. Huona baba akinong'ona na simu nje, na humsikia mama akimwagiza "mwambie sipo" mtu akibisha hodi. Kumfundisha mtoto kusema uongo mlangoni ni gharama ya deni isiyoandikwa kwenye mkataba wowote.

Hata hivyo, si haki kumpa mtoto wa miaka minane uzito wa Sh1,713,000. Kinachofaa ni ukweli wa kipimo chake: "Kuna watu tunawadai na kuna watu wanatudai. Sasa hivi tunalipa, kwa hiyo baadhi ya vitu havitanunuliwa mpaka mwisho wa mwaka. Si kosa lenu." Mtoto mkubwa anaweza kupewa zaidi, na hata akafundishwa hesabu za riba kwa mfano halisi, bila kupewa siri ya kulinda.

Kwenye vitu, watoto wapewe uamuzi wao. Kutupa toi ya mtoto akiwa shuleni humfundisha kuficha. Mpe boksi moja, mwambie vinavyoenea humo vinabaki. Mtoto wa mwisho wa nyumba hii alitumia jioni nzima kuchagua, akatoa gari lisilo na magurudumu na kubakisha kopo tupu la maziwa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Wiki ambayo mambo yaliharibika

Wiki ya saba mtoto wa kati aliugua malaria. Baba hakufanya kazi siku tatu. Hela ya marejesho ikaenda hospitali, kikoba kikatoza faini, na baba akakopa tena kwenye simu, Sh40,000.

Jumapili jioni ilipofika, hakutaka kuitazama ile karatasi. Alisema wameanguka, hakuna maana ya kuendelea kuhesabu. Mama hakubishana naye. Alichukua kalamu, akachora visanduku viwili vipya juu ya paa la ile nyumba, akavitenganisha kwa mstari wa rangi nyingine. Badala ya visanduku 51, vikabaki 53.

Wengi huachia hapa. Wiki moja ikiharibika, karatasi hubanduliwa, na mwaka unaofuata wanaanza upya wakiwa na deni kubwa zaidi. Lakini karatasi hiyo inatunza ukweli wa nyumba, na ukweli una wiki mbaya ndani yake. Visanduku viwili vilivyoongezeka vilionyesha pia kitu kilichokosekana kwenye mpango: akiba ya dharura. Tangu hapo, Sh5,000 kati ya zile Sh15,000 huenda kwenye kibubu kwanza, hata kama inachelewesha deni. Familia isiyo na akiba yoyote hulipa deni kwa mkono wa kulia na kukopa kwa wa kushoto.

Tofauti kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa kwamba mkopo ule wa Sh40,000 uliandikwa siku ulipochukuliwa. Haukungoja boksi lianguke.

Anza wiki hii

Kwa mzazi anayetaka kuanza, hakuna haja ya programu ya simu wala daftari la bei:

– Chagueni jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja aandike madeni yake yote kabla ya kuona ya mwenzake, kisha mjumlishe. Makubaliano yawe kwamba usiku huo hakuna kulaumiana, ni kuandika tu.

– Unayelea peke yako, tafuta mtu mmoja wa kuaminika, dada au rafiki wa kikoba, umwonyeshe orodha mara moja kwa mwezi.

– Pangeni sehemu moja tu ya nyumba kila wiki. Droo moja inatosha.

– Hela ya kitu kilichouzwa ilipe deni siku hiyo hiyo, kabla haijapata kazi nyingine.

– Chora visanduku vya kiasi unachoweza kukamilisha. Anayelipa Sh5,000 kwa wiki achore vya Sh5,000.

– Wiki ikiharibika, ongeza visanduku. Usibandue karatasi.

Kwa nyumba ya Mbagala, walianza Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kwa mwendo wa Sh70,000 kwa wiki, na kama wiki mbaya hazitakuwa nyingi, visanduku vitaisha mwezi Desemba. Hiyo ndiyo maana ya haraka yao. Januari inakuja na ada, sare na madaftari, na kila Januari tangu mtoto wa kwanza aanze shule wamekuwa wakiingia kwenye mwaka mpya kwa kukopa. Mwaka huu wanataka ile Sh70,000 waliyozoea kuitoa kila wiki ianze kulipa ada badala ya deni.

Hawajafika bado. Doti tatu za vitenge bado ziko, lakini sasa zimetundikwa sebuleni, mahali mteja anaweza kuziona. Chini ya kitanda kuna viatu na sanduku moja la nguo. Na wiki iliyopita mchuuzi wa vyombo alipita tena na mahotpoti yake, akamwambia mama achukue tu, atalipa kidogo kidogo. Mama aliyashika, akayageuza, akauliza bei. Kisha akamrudishia, akaingia ndani kumalizia maandazi ya jioni.